Habari za Barabara na Viwanja vya Wote katika Miji ya Embu na Meru



Kila mwaka kijitabu hiki huwaonyesha wanachama fedha zilizoingia na zilizotoka, na kila senti hupewa mahali pake. Lakini iko mali nyingine ya watu wetu isiyoandikwa katika ukurasa wo wote wa hesabu, nayo ni njia tunazopita na viwanja tunavyokutania. Mali hiyo ni kubwa kuliko akiba ya chama cho chote. Ililipiwa kwa jasho na kwa vipande vya mashamba ya watu. Nimeona yafaa kueleza habari zake tangu mwanzo, maana wazee walioiona ikilipiwa wanapungua, na vijana wetu wengi hudhani ya kuwa barabara na soko ni zawadi ya Serikali.

Watu wa nchi hii hawakukaa bila njia kabla ya kuja Wazungu. Atazamaye nchi yetu ataona ya kuwa migongo ya ardhi hushuka kutoka msitu wa Mlima Kenya kwenda nchi ya tambarare, na kati ya mgongo na mgongo uko mto: Rupingazi, Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, Thingithu, Kathita na mingine mingi, yote ikienda kuingia Tana. Basi njia za babu zetu zilifuata migongo hiyo. Mtu wa juu alishuka na mazao yake kukutana na mtu wa Mbeere au Tharaka mwenye mbuzi na asali, kisha akapanda tena kwa njia ile ile. Kuvuka mito kwa kukatiza lilikuwa jambo la shida, nalo lilifanywa kwa sababu maalum, kama vita au arusi.

Mahali pa kukutania napo palikuwapo. Palikuwa na uwanja wa wazee chini ya mti, uwanja wa ngoma, mahali pa soko, na vichaka vitakatifu ambavyo hapana mtu aliyethubutu kuvikata. Mahali hapo hapakuwa na hati wala jiwe la mpaka. Palilindwa kwa kujulikana na wote, na kwa kuogopa laana. Wazee wa Njuri Ncheke wangali wana mahali pao pa kukutania huko Nchiru hata leo, nami nadhani ni kwa sababu mahali pale hapakuacha kutumiwa.

Mwaka 1906 jeshi la Serikali lilipigana na Waembu, na baada ya kushindwa kwao kituo cha Serikali kikawekwa mahali ambapo mji wa Embu umesimama leo. Mwaka 1908 Bwana E. B. Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi, aliweka boma Meru, karibu na mto Kathita. Tangu siku hizo mpango wa njia ukageuka. Haja ya Serikali haikuwa kushuka na mgongo kwenda sokoni, bali kuunga boma na boma, ili barua, askari na kodi vipite upesi. Kwa hiyo barabara mpya ilikatiza kila mto ambao babu zetu waliuepuka. Hapa ndipo lilipo shina la taabu nyingi tulizoziona baadaye, na mimi hustaajabu kwamba jambo hili halitajwi mara nyingi zaidi.

Miji yenyewe nayo ilipangwa kwa haja hiyo hiyo. Ofisi ziliwekwa mahali pazuri penye hewa, zikazungukwa na majani na miti. Nyumba za wakubwa zilipata bustani pana. Maduka ya Wahindi yalipangwa kwa mstari, na mtaa wa Majengo ukawa wa askari waliostaafu, wapagazi, wapishi na wachuuzi, wengi wao Waislamu waliokuja na safari za Serikali. Lile jengo la mawe la Meru lililojengwa mwaka 1916 kuwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya lingalipo, na tangu 1974 ni Jumba la Makumbusho. Ukisimama mbele yake utaona jinsi nafasi ilivyokuwa nyingi kwa wenye amri. Mwafrika wa kijijini alikuja mjini kulipa kodi, kujibu shauri, au kuuza ndizi, kisha alitazamiwa kurudi kwao kabla ya usiku. Mji haukupangwa ili yeye apate mahali pa kuketi.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe ya kulima barabara, nayo yataka kuelezwa kwa urefu.

Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1912 iliwapa machifu na vichwa vya vijiji uwezo wa kuwaita watu kufanya kazi ya njia na madaraja bila mshahara, siku zisizozidi 6 kwa kila miezi 3. Kwa hesabu hiyo mtu mmoja alitoa siku 24 kwa mwaka. Hiyo ndiyo hesabu ya karatasi. Katika vijiji mambo yalikwenda kwa namna ya chifu na mabaraza yake ya askari, na mara nyingi aliyekuwa na mbuzi wa kutoa alipata nafuu, na asiyekuwa naye akashika jembe. Waswahili waliita kazi ya namna hii shokoa, na neno hilo lina uchungu wake.

Tena sheria ilisema habari za wanaume wenye nguvu, lakini walioonekana njiani wakibeba udongo walikuwa pia wanawake na wasichana. Jambo hili lilikuwa moja katika malalamiko aliyoyapaza Bwana Harry Thuku kwa jina la chama chake huko Nairobi. Alikamatwa mwezi wa Machi 1922, watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi kumdai, wakapigwa risasi. Kwa hesabu ya Serikali walikufa watu 21, na wengine walisema ni zaidi. Ni vema tukumbuke ya kuwa watu wale hawakufa kwa ajili ya siasa za juu tu. Barabara za vijijini, na mikono ya wasichana iliyozilima, zilikuwa sehemu ya shauri lile.

Mwaka huo huo wa 1922 Daktari Archibald Irvine wa Misheni ya Kanisa la Skoti alianza kazi Chogoria, na huko watu walijifunza faida ya njia kwa namna nyingine, maana mgonjwa wa machela apitapo kwenye matope huchelewa kufika. Nasema haya ili mtu asidhani kwamba wazee wetu walichukia barabara. Walichukia kulazimishwa kulima barabara ambayo hawakuichagua, ya kwenda wasikotaka kwenda.

Mabaraza ya Wenyeji yalipoanzishwa katika wilaya mwaka 1925, kwa sheria ya 1924, wajumbe walipata fedha kidogo za ushuru na sauti kidogo ya kusema zitumike wapi. Reli ilifika Nanyuki mwaka 1930. Na katika miaka hiyo ya 1930 Serikali, iliyokuwa imewazuia Waafrika kulima kahawa, iliwaruhusu watu wa Meru, Embu na Kisii wajaribu. Kahawa haina subira kama mtama. Ikivunwa yataka kufika kiwandani siku ile ile, na gunia likikauka lataka gari. Kwa mara ya kwanza mkulima wa mgongoni akawa na sababu yake mwenyewe ya kuitaka barabara, na njia ndogo za kwenda viwanda vya kahawa zikaanza kulimwa kwa moyo ambao njia ya boma haikuupata. Jembe lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni nia ya mshikaji.

Kisha yakaja mambo ya Hali ya Hatari, kuanzia Oktoba 1952. Watu wa Embu na Meru waliwekwa pamoja na Wakikuyu chini ya amri kali za kusafiri, na asiyekuwa na kitambulisho hakuweza kupita. Tangu mwaka 1954 watu walihamishwa kwa nguvu kwenda kukaa vijijini. Katika nchi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru waliohamishwa walipita milioni moja, katika vijiji zaidi ya 800. Kando ya msitu wa Mlima Kenya ulichimbwa mtaro wa urefu upatao maili 50, wenye vijiti vilivyochongwa, ili wapiganaji wasipate chakula. Waliochimba ni raia, na wengi walikuwa akina mama, kwa kuwa waume walikuwa kizuizini, msituni, au katika ulinzi. Wakati ule ule barabara nyingi zilitengenezwa vizuri kuliko zamani, kwa ajili ya magari ya askari. Nchi ilipata njia ambazo wenyeji wake hawakuruhusiwa kuzitembea. Mama zetu walioshika majembe pale hawajaandikwa katika jiwe lo lote la ukumbusho wa barabara, ijapokuwa majina ya waliozifungua yameandikwa.

Hapana budi nikae kidogo juu ya jambo jingine la wakati ule, maana ndilo linalotuhusu zaidi leo. Mpango wa Bwana Swynnerton wa 1954 ulileta kukusanya vipande vya mashamba na kuviandikisha. Katika kazi hiyo kila mwenye shamba alikatwa sehemu ndogo ya ardhi yake, na sehemu hizo zikaunganishwa kuwa ardhi ya shule, ya soko, ya zahanati, ya kanisa, ya barabara na ya njia za kwenda mtoni. Aliyekuwa na kikubwa alikatwa zaidi, na mwenye kidogo alikatwa kidogo, lakini wote walitoa. Hii ndiyo maana ya maneno yangu ya kwanza. Uwanja wa soko la kijiji si ardhi iliyookotwa, ni vipande vya baba zetu vilivyoshonwa pamoja. Mtu akijenga duka lake katikati ya uwanja huo, amewaibia wale waliokatwa, na watoto wao, na yeye mwenyewe kama baba yake alikuwa miongoni mwao.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, Embu ukawa mji mkuu wa Mkoa wa Mashariki. Maofisi yakaongezeka, watu wakaongezeka, na neno Harambee likawafanya watu watoe tena siku zao kwa kazi ya wote, safari hii bila kiboko. Lakini mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria iliyoziondolea Halmashauri za Wilaya kazi za elimu ya msingi, afya na barabara, kuanzia 1970, zikapelekwa Serikali Kuu. Tokea hapo, kalvati ikiziba mjini, mkaaji hakujua amlalamikie nani. Hata baada ya Sheria ya Barabara ya 2007 kugawanya kazi kwa mamlaka tatu, ya barabara kuu, ya mijini na ya vijijini, na serikali za kaunti kuja mwaka 2013, shida hii haijaisha. Mfereji mmoja wa maji ya mvua waweza kuwa na mabwana wawili au watatu, na kila mmoja akasema kipande kilichoziba ni cha mwenzake.

Lami kati ya Embu na Meru ilikamilika katika miaka ya 1980. Kabla ya hapo gari la Meru kwenda Nairobi mara nyingi lilizunguka mlima kwa upande wa Nanyuki, maana njia ya Chuka ilikuwa ya kupanda na kushuka katika udongo mwekundu, na mvua ikinyesha magari yalilala njiani. Wazee wanaokumbuka safari zile husema lami ile ilikuwa kama kuondolewa mzigo kichwani, na sina sababu ya kuwapinga. Lakini lami haikuondoa mabonde. Katika mteremko wa daraja la mto Nithi watu wengi wamepoteza maisha yao, na tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilianguka pale, wakafa watu zaidi ya 30. Barabara iliyopangwa kwa ajili ya kuunga boma na boma ndiyo tunayoishi nayo hata leo, kwa mwendo ambao waliochora mstari wake wa kwanza hawakuufikiri.

Katika miji yenyewe, miaka ya baada ya Uhuru ilikuwa na maendeleo, na ilikuwa pia na hasara ambayo haikupigiwa kelele. Viwanja vya wote vilianza kumegwa. Tume iliyoongozwa na Bwana Paul Ndung'u ilitoa taarifa yake mwaka 2004, ikaeleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria katika nchi nzima: viwanja vya michezo, masoko, hata vyoo vya umma na akiba za barabara. Wengi walistaajabu. Lakini aliyefanya kazi na majalada atajua jinsi mambo hayo yanavyowezekana. Ardhi ya mtu mmoja ina mwenyewe wa kulala mlangoni mwa ofisi mpaka hati itoke. Ardhi ya watu wote haina wa kulala mlangoni. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao walikuwa wafanya biashara, walijua.

Iko njia moja ya kuilinda iliyoonekana wazi kwa ulimwengu mzima. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai, mwenye asili ya Nyeri, ng'ambo ya pili ya mlima wetu, alisikia ya kuwa jumba la ghorofa 60 litajengwa katika Uhuru Park, Nairobi. Aliandika barua, akaandika tena, akatukanwa hata Bungeni, lakini waliotazamiwa kutoa fedha walirudi nyuma na jumba halikujengwa. Silaha yake kubwa ilikuwa barua, na jambo hili hunifurahisha mimi niliye karani.

Katiba ya mwaka 2010 imeweka ardhi ya umma katika fungu lake, na Tume ya Taifa ya Ardhi imepewa kuisimamia. Sheria ya Miji ya 2011 imeleta bodi za manispaa. Kuanzia 2017 Benki ya Dunia imetoa mkopo wa dola milioni 300 kwa ajili ya miji 59 katika kaunti 45, na kazi zake ni zile zile tunazozililia: njia za mjini, njia za wendao kwa miguu, mifereji, taa na masoko. Meru imepata barabara za kuuzunguka mji, ili malori yasiyo na haja ya kuingia yapite pembeni. Viwanja vya michezo pia vimetengenezwa, kwa sababu sikukuu ya Madaraka ilifanyika Kinoru, Meru, mwaka 2018, na katika uwanja wa Moi, Embu, mwaka 2023. Sisemi ni vibaya viwanja kutengenezwa kwa ajili ya sikukuu. Nauliza tu ni nani mwenye ufunguo siku ya pili yake, na kama watoto wa Majengo wanaweza kuingia kucheza mpira bila kufukuzwa.

Na uko upande ambao lami na taa hazijaufikia kwa kutosha. Njoo Gakoromone asubuhi, ukamtazame mama aliyeshuka na mkungu wa ndizi. Gari la miraa kutoka Nyambene limempita kwa kasi ya risasi, maana miraa hainyauki bila hasara. Yeye anatafuta mahali pa kukanyaga kati ya mfereji ulio wazi, pikipiki zilizosimama, na mwuzaji mwenziwe aliyetandika gunia lake juu ya njia ya miguu kwa kuwa ndani ya soko hapana nafasi, au ushuru wake wa siku hauwezi. Watu wa mji humlaumu huyo aliyetandika gunia. Mimi naona alisukumwa hapo hatua kwa hatua, kila kipande cha uwanja kilipopata mwenyewe. Embu, katika barabara ya kituo cha magari, hali hutofautiana kidogo tu. Mzee aliyekuja kutoka Runyenjes kushughulikia jambo ofisini, akimaliza saa tano na gari lake likajaa saa nane, hana benchi wala kivuli, na choo atakilipia.

Kwa hayo yote napeleka maombi mbele ya Kamati, ili yazungumzwe katika mkutano mkuu.

Kwanza, Katibu aandike kwa ofisi ya ardhi ya kila kaunti kuomba nakala za ramani za miji hii miwili na za masoko ya vijijini yaliyotengwa wakati wa kukusanya mashamba, pamoja na orodha ya viwanja vya wote vilivyo na hati na visivyo na hati. Gharama za nakala zitolewe katika fungu la matumizi ya ofisi.

Pili, wazee waliokuwapo wakati mashamba yalipopimwa, au waliosikia kwa baba zao waliokatwa sehemu, waombwe kuketi na vijana wawili wenye kalamu ili maneno yao yaandikwe: soko liliishia wapi, njia ya mtoni ilipita wapi, ni nani walitoa. Akina mama waliochimba mtaro na kulima barabara waulizwe pia, wala wasiachwe mpaka mwisho wa orodha.

Tatu, ramani zikipatikana, wanachama na wazee wazitembee kwa miguu, jiwe kwa jiwe, tukianza na uwanja mmoja wa Embu na mmoja wa Meru. Wazee watakaokubali kwenda wampe Katibu majina yao kabla ya mvua za Machi, kwa maana mawe ya mipaka mengi yako katika majani, na majani yakikua hayataonekana.